Karibu Tena ya Bi Mwaija

Kibaraza ninachoshonea si changu. Ni cha Bi Mwaija, muuza vitambaa hapa Korogwe mjini, na nimekikalia miaka mingi hadi wateja wageni hudhani mimi ndiye mwenye duka na yeye ndiye mpangaji. Mimi naitwa Edna, fundi cherehani. Yeye namwita dada kwa sababu amenizidi umri, na namtania kwa sababu yeye ni Mzigua, na babu yangu alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu, hatuombani ruhusa. Akichelewa kufungua namwambia Mzigua kalala na mbuzi wake. Nikiharibu suruali ya mtu ananiambia si ajabu, ukoo wetu ulizoea kukata mkonge, nguo tumejifunza juzi. Wasiotujua husimama wakisubiri tushikane mashati.

Duka lake ni chumba kimoja. Kanga, vitenge, mashuka, vitambaa vya sare za shule, zipu, uzi. Na chini kabisa, nyuma ya meza, kuna jora la bafta nyeupe limefungwa kwa karatasi ya kaki. Hilo ni la sanda, na halionyeshwi. Anayelihitaji kwa kawaida hasemi kitu. Anaingia, anasimama, na Mwaija anamjua kwa kusimama kwake. Atamvutia kiti, atampa maji, kisha atauliza taratibu kama ni mwanamume, mwanamke au mtoto. Bei haipatanwi, maana anauza kwa bei aliyonunulia. Mkasi hautumiki. Anatia mchano mdogo pembeni kwa wembe, halafu anachana kwa mikono, na mimi huku nje nikisikia sauti ile nasimamisha cherehani. Akimaliza anakunja, anakabidhi kwa mikono miwili, anasema, "Mungu awape subira." Basi. Hasemi asante. Mteja wa sanda hashukuriwi, wala haambiwi karibu tena. Umkaribishe tena aje kuchukua ya nani? Hilo mjini kwetu kila muuza nguo analijua, Mwislamu na Mkristo.

Sasa mwaka jana wakaja Tele. Tele Supamaketi, watu wa matawi mengi, wakachukua jengo zima la pembeni yetu na kulipaka rangi ya chungwa ambayo mpaka leo inaniumiza macho. Taa zinawaka mchana kweupe. Siku ya kwanza nilikwenda kuangalia, nani asiyekwenda, na mlinzi akanitaka niache mkoba mlangoni. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikabidhi mkoba wangu kwa mtu niliyemshonea kaptula ya shule ya msingi. Nilimpa maneno yake na nikarudi kibarazani. Kesho yake nikaenda tena bila mkoba, maana sabuni yao ilikuwa rahisi na mimi si mjinga.

Sabuni haikuwa shida ya Mwaija. Shida ilianza walipoleta vitenge na mashuka. Yametundikwa vizuri, bei imebandikwa, hakuna kuulizana. Wale akina mama wa Vugiri na Dindira, ambao siku ya gulio walikuwa wakishuka milimani na kuja moja kwa moja kwetu, sasa wanapita kule kwanza. Wakitupungia mkono tayari wameshabeba mfuko wa rangi ya chungwa. Siwalaumu sana. Kule ndani kuna feni kubwa, na mtu aliyetoka Dindira akifika Korogwe saa sita mchana anaungua.

Mwaija akawa anakaa. Anapanga kanga, anazipangua, anazipanga. Mume wake alikufa zamani, binti yake Maryamu kaolewa Dar es Salaam na kila wiki anampigia simu ahamie huko akapumzike. Halafu Mzee Matayo, mwenye nyumba, akaja kuzungumza. Matayo si mtu mbaya, nampa haki yake. Alikaa kwenye benchi langu akasema mkataba wa Mwaija unaisha, na wale wa Tele wanakitaka chumba wakifanye stoo.

"Wewe ndiye wa kwanza, dada," alimwambia. "Ukisema unabaki, unabaki. Ila nijue kabla mwezi haujaisha, nisije nikawazungusha watu."

Mwaija akasema atafikiri. Mimi nilikuwa na zipu mdomoni, la sivyo ningejibu kwa niaba yake.

Jioni ile aliingia Tele kununua sukari, akarudi ameikumbatia na uso umechangamka kama aliyeokota kitu.

"Edna, unajua siri ya wale?"

"Feni," nikasema.

"Hapana. Wanashukuru. Yule binti wa pale kwenye kulipia, kila mtu anamwambia: asante, karibu tena. Kila mtu. Hata aliyenunua kiberiti. Mimi mtu ananunua doti nzima namwambia haya, salimia nyumbani."

"Sasa hapo kuna ubaya gani? Kwani hawana nyumbani?"

"Wewe Mnyamwezi biashara huijui," akanijibu, na kuanzia kesho yake akaanza.

Jamani, nilipata tabu. Aliyenunua uzi, asante karibu tena. Aliyekuja kuomba chenji, asante karibu tena. Mtu wa bodaboda alisimama kuuliza njia ya kwenda Kilole, hakushuka hata kwenye pikipiki, akaambiwa asante karibu tena. Siku moja naondoka jioni na cherehani yangu nimeshaifunika, akaniambia na mimi. Nikamuuliza, "Dada, unanikaribisha tena mimi? Mimi ninayeamkia hapa?" Akacheka, lakini hakuacha. Akiwa peke yake nilimsikia akilifanyia mazoezi, kwa sauti tofauti tofauti, ndefu na fupi. Nikamwambia wazi kwamba hilo neno si lake na halimkai. Akaniambia niache wivu. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwonea huruma, na huruma mimi hunitoka kwa sauti ya ukali, ndivyo nilivyoumbwa.

Basi, wiki chache baadaye, asubuhi, akaja Mzee Sadala.

Mzee Sadala ni mkulima wa Sindeni, njia ya kwenda Handeni. Sisi tulimjua zaidi kwa mke wake, Mwanaisha. Mwanaisha alikuwa mteja wa Mwaija tangu duka linafunguliwa. Alikuwa na tabia ya kunusa kitambaa kabla hajanunua. Anavuta pembe ya kanga, anaisogeza puani, anafumba macho, halafu anasema hii imekaa sana au hii inafaa. Mwaija alikuwa akimwambia, "Mama, hiyo ni nguo, si mchuzi." Na Mwanaisha anajibu kwamba pua yake haijawahi kumdanganya, macho ndiyo yaliyomwoza kwa Sadala. Tulikuwa tunampenda sana yule mama.

Siku ile mzee aliingia peke yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Akasimama mbele ya meza, na Mwaija akaelewa.

"Nani, mzee wangu?"

"Mwanaisha," akasema. "Nilimleta hospitali juzi. Vijana wanatafuta gari, nikasema sanda nije mwenyewe."

Mwaija alikaa chini yeye kwanza, kabla ya kumpa mzee kiti. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Kisha akainuka, akatoa jora, akafungua ile kaki. Nikasimamisha cherehani nikainama. Alikuwa anachana na machozi yanamdondoka, na anajitahidi yasidondokee bafta. Mzee amesimama tu, anatazama ile mikono. Hakunywa maji. Mwaija akakunja, akampa kwa mikono miwili, mzee akapokea akageuka. Na hapo, alipofika mlangoni, nikasikia sauti ya Mwaija, ndefu na tamu, ileile ya mazoezi:

"Asante, karibu tena."

Mungu wangu. Nilitamani kibaraza kipasuke kinimeze. Mzee alisimama kidogo mlangoni, mgongo umetugeukia. Kisha akashuka ngazi akaenda zake na ile bafta kifuani. Nilipoingia ndani, Mwaija alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka.

"Nimesema nini, Edna?"

Hasira zote nilizokuwa nimemwekea kuhusu lile neno zikaisha palepale, nikamshika, akanililia begani mpaka blauzi ikalowa.

Mchana hakuuza kitu. Jioni akamwita Mzee Matayo akamwambia chumba awape Tele. Mimi nilikuwa pale nikarukia katikati, nikasema mzee usimsikilize, huyu ana msiba. Matayo, mtu mwenye busara zake, akasema mwisho wa mwezi bado, atarudi. Lakini Mwaija alikwisha kuamua. Aliniambia mtu anayeweza kumkaribisha mfiwa tena dukani hafai kushika sanda, na asiyefaa kushika sanda anakaa na duka la nini, vitenge si viko pale pembeni na bei yake imebandikwa? Akaanza kufunga kanga kwenye maboksi. Nilimtukana, nilimbembeleza, nikamtukana tena. Akawa ananijibu kwa upole, na upole wa Mwaija ndio unaotisha.

Jambo moja tu alikubali, kwenda Sindeni kumwomba mzee radhi. Mazishi yalikuwa yameshapita, lakini watu walikuwa bado wamekaa matanga. Tukapanda Noah ya abiria asubuhi, yeye kajifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nafikiri. Nilijua Mwaija akifika atakaa pembeni mkekani na akina mama, aibu itamkaba, hatamfikia mzee, tutarudi na lile neno likiwa bado ndani yake, na duka litafungwa. Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni nani pale. Kwenye msiba wa Mzigua, mimi si mgeni. Mimi ni mtani.

Kwa asiyejua, mtani msibani ana kazi yake. Wenyewe wakilia, yeye anapika, anachota maji, na anawachekesha. Anaweza kuvaa nguo za marehemu akamwigiza mbele ya waliomzaa, na hakuna wa kumkemea. Ni wajibu, ni heshima ya pekee.

Kwa hiyo nilipofika sikukaa. Nikasimama uani nikawauliza hawa Wazigua mbona jiko limelala, mwenzao angekuwa hai wangekuwa wameshakula mara mbili. Nikasikia mmoja anasema, "Ahaa, watani wamefika," na watu wakaanza kusogea. Nikaomba kanga ya marehemu, dada yake akanipa huku tayari anatabasamu. Nikajifunga, nikatembea kama Mwanaisha, ile nyonga yake ya kulia iliyokuwa inamsumbua. Nikaanza kunusa. Nikanusa kanga ya huyu, nikasema imekaa sana. Nikanusa turubai. Nikaenda upande wa wanaume nikanusa kofia ya shehe, nikasema hii inafaa. Mabinti zake walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja, wameshikana. Mwaija naye, kule mkekani, nilimwona mabega yanatikisika.

Nikamtazama. Nikavuta kiti, nikakifanya meza ya duka, nikawa Mwaija. Nikachana hewa kwa mikono miwili, taratibu, kama anavyochana yeye. Nikakunja. Nikampelekea Mzee Sadala pale alipokaa, nikamkabidhi. Kisha nikasema, ndefu na tamu:

"Asante, karibu tena."

Wengi hawakuelewa, lakini waliona Mwaija amejifunika uso wote kwa kanga, wakaona na mzee alivyonikazia macho.

"Rudia hapo, mtani," akasema.

Nikarudia.

Mzee alianza kucheka taratibu, kwa ndani, kisha akavua kofia akajifunika nayo uso, akacheka mpaka kiti kikalia. Halafu kile kicheko kikabadilika. Akalia. Baadaye binti yake aliniambia hakuwa amelia tangu hospitali, na walikuwa wanamwogopea. Wanaume wakainamisha vichwa, wakamwacha alie. Alipomaliza akajifuta akauliza Mwaija yuko wapi.

Mwaija aliletwa akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mzee wangu. Sijui lilinitokaje."

"Nililisikia," mzee akasema. "Nilikuwa nimefika mlangoni. Nikajisemea, huyu naye amechanganyikiwa kama mimi. Tangu alfajiri kila mtu alikuwa ananiambia maneno sahihi, pole, ni mapenzi ya Mungu, jikaze. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba si mimi peke yangu niliyepotelewa."

"Sitauza tena, baba. Duka nalifunga mwisho wa mwezi. Wanachukua wale wa Tele."

Mzee akaigeuza kofia yake mikononi.

"Lile jora," akauliza, "lilibaki?"

"Lilibaki."

"Mke wangu alipoona hali imekuwa mbaya aliniambia sanda yake nichukue kwako, nisiende kwingine. Hakuniambia kwa nini. Nadhani aliinusa siku moja ukiwa huoni." Watu wakacheka kidogo. "Sasa mimi nataka yangu itoke kwenye jora lilelile. Nichanie, uiweke. Usinipe nikae nayo hapa, wanangu wataogopa. Kaa nayo wewe. Siku yangu ikifika watakuja kwako."

Mwaija akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama na kanga ya marehemu kiunoni, na mimi mtani, ambaye kazi yangu ni kuchekesha, nililia kuliko wafiwa. Hilo wananisimanga nalo Sindeni mpaka leo.

Tulirudi Korogwe jioni. Njiani Mwaija aliniambia mimi ni shetani, na akanishika mkono, hakuuachia mpaka tunashuka. Kesho yake nilimkuta amefungua mapema, anatoa kanga kwenye maboksi. Lile neno aliliacha. Sasa anawaambia watu salimia nyumbani, kama zamani.

Tele wapo, na sisi tupo. Stoo walipata nyuma ya soko. Mwaija sukari yake ananunua kwao, na yule binti wa kulipia, akiuza shuka lisilomtosha mtu kitanda, anamwonyesha kibaraza changu nikamwongezee kipande. Hata mlinzi siku hizi ananiacha nipite na mkoba. Magulio mengine tunauza, mengine tunakaa tu tunachambana. Si kwamba mambo yamekuwa mteremko.

Meneja wao, Godlisten, kijana mstaarabu kutoka Moshi, alikuja mwenyewe siku aliposikia chumba hakitolewi. Alisalimia vizuri, akakaa kwenye kile kiti cha ndani.

"Mama, kama ni shida ya kuhamisha vitu, tungekuletea gari na vijana. Nini kimekubakiza?"

"Nina mzigo wa mtu humu, baba," Mwaija akamwambia. "Ameniwekea. Siwezi kuhama nao."

"Atakuja lini kuuchukua?"

Mwaija alikuwa anakunja kanga. Akamaliza kuikunja kwanza, akaiweka juu ya nyingine.

"Yeye haji. Watatumwa watu. Na mimi kila nikiswali naomba wachelewe."